Kiwanjani, Isiolo: Alumini ya bangili si alumini ya kalamu

UKISAFIRI kwa gari kutoka Nairobi kupitia Nanyuki, kisha ukauacha Mlima Kenya mgongoni na kuteremka, utahisi baridi ikikuaga na joto likikupokea. Umefika Isiolo, mji ambao kwa miaka mingi ulikuwa mwisho wa lami. Siku hizi lami inaendelea hadi Moyale.

Uliza njia ya Kiwanjani. Jina lenyewe lakutajia jirani wa mtaa huo: uwanja wa ndege, uliokaa mpakani mwa kaunti za Isiolo na Meru.

Wasafiri wengi huukumbuka mji huu kwa bangili. Kuna za shaba nyekundu, za shaba ya manjano na za alumini, nyingine zimesokotwa pamoja kama nywele za msichana. Wachuuzi wamezoea kuzipitisha kwenye madirisha ya magari, na ukinunua moja utaombwa ununue na ya mama pia.

Basi tazama, msomaji. Kwenye mkono wako kuna alumini, na ndege inayopita juu ya mtaa nayo ni alumini. Je, ni kitu kimoja? La hasha.

Bangili yataka alumini iliyo karibu safi, laini, inayokubali kukunjwa kwa mkono. Ndege yataka iliyochanganywa. Mwaka wa 1906 Mjerumani Alfred Wilm aligundua kwamba alumini yenye shaba nyekundu na magnesi kidogo, ikipashwa moto mkali na kuzamishwa majini, hutoka laini kisha hujikaza yenyewe katika siku zinazofuata. Samaki mkunje angali mbichi! Aina ya ukoo huo, iitwayo 2024, imetumika sana katika ngozi za ndege.

Sasa tuseme kijana wa Kiwanjani, aliyechoka kungoja watalii, amepata mashine ya kukereza chuma. Ataka kutengeneza kalamu za kuwauzia wanafunzi, zenye kofia inayofungwa kwa hesi, yaani mifereji ya kuzunguka kama ya skrubu. Achukue alumini gani?

Akichukua ile ya bangili, atalia. Hunata kwenye ncha ya kisu, hutoka kama uzi mrefu unaojisokota, na meno ya hesi huchanika kabla hayajakamilika. Akichukua kipande kilichoyeyushwa na kumiminwa, huenda akakuta vishimo vya hewa ndani yake, na ukuta mwembamba wa kalamu ukavunjika. Fremu za madirisha nazo, ambazo mara nyingi ni aina ya 6063, ni tupu ndani. Yeye ahitaji fimbo nzima ya mviringo.

Wakerezaji huisifu sana aina ya 2011. Ina shaba nyekundu kiasi cha asilimia 5 hadi 6, pamoja na risasi na bismuthi kidogo. Madini hayo mawili hufanya maganda yakatike vipande vifupi, na hesi hutoka safi. Lakini ngoja kwanza. Ni mwanafunzi gani asiyetafuna kalamu akikwama kwenye hesabu? Risasi ni sumu, na watoto ndio huumizwa nayo zaidi. Wepesi wa kazi ya fundi usiwe mzigo wa mtoto.

Ile ya 7075, yenye zinki, ni ngumu na hukata hesi vizuri, ila bei yake iko juu. Kalamu haiendi vitani; nguvu hiyo yote ya nini?

Kwa hiyo aina ya 6061 ndiyo ya kutafuta. Ina magnesi kiasi cha asilimia 1 na silikoni kidogo, na haihitaji kutiwa risasi. Aombe iliyokwisha kukazwa kwa moto, yenye alama T6 baada ya namba. Hustahimili jasho la mkono kuliko zile zenye shaba nyingi, na hupokea rangi vizuri. Maganda yake ni marefu kidogo, lakini kisu kikali na mafuta ya taa machache, mbali na moto, huirahisisha kazi.

Kuna jambo moja zaidi. Alumini ikisuguana na alumini, hesi hung'ang'aniana na kofia hukataa kufunguka, pengine siku ya mtihani! Dawa yake ni kupaka nta, au kutia pete ya shaba ya manjano ndani ya kofia, mahali ambapo meno hushikana. Na shaba hiyo si ngeni kwa Isiolo. Ndiyo ile ile ya bangili.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa fundi wa kalamu mambo ni kinyume: asiyechagua chuma hana kazi. Vyuma vya jaa la chakavu havina namba, na macho hayawezi kuona risasi iliyomo. Afadhali anunue fimbo moja inayojulikana kuliko gunia la bure.

Nawe mzazi, siku utakapouziwa kalamu ya alumini iliyochongwa kwa mkono, usiulize bei kwanza. Uliza ni alumini gani. Fundi anayeijua kazi yake atakutajia namba.