Volkano Chini ya Lupanga

Milima ya Uluguru haikuwahi kutema moto. Ni miamba ya kale iliyopandishwa juu na mipasuko ya ardhi, na kinachotoka ndani yake ni maji: Mto Morogoro unaoteremka hadi mjini, na Ruvu unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Hata hivyo, mwaka 1973, kijana wa miaka 29 hivi, aliyejipatia jina mjini Morogoro chini ya kilele cha Lupanga, aliiacha bendi ya Morogoro Jazz, akaunda yake na kuiita Super Volcano. Mpiga gita huyo alikuwa Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Waliomsikia akipiga solo hawakuuliza volkano iko wapi.

Sisemi hivyo kumshusha. Morogoro ni mji uliozoea kujipa kisichokuwapo na kukiishi kwa moyo wote. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika 1907, mashamba ya mkonge yakaleta watu wa makabila mengi, na mji ukaja kuitwa mji kasoro bahari, kana kwamba mawimbi yamechelewa tu njiani. Humo ndimo Salum Abdallah Yazidu alimoanzisha bendi ya Cuban Marimba. Cuba ilimfikia kwa santuri, zile za mfululizo wa GV zilizolia kwenye gramafoni sehemu nyingi za Afrika, na husimuliwa kwamba ujanani alitoroka nyumbani akitaka kwenda huko huko, safari ikamwishia Mombasa. Kisiwa alichokikosa baharini akakijenga jukwaani, kwa Kiswahili, na Morogoro ikacheza humo usiku mwingi.

Alifariki mwaka 1965 kwa ajali ya gari. Bendi haikufa naye. Juma Kilaza alishika uongozi, na Cuban Marimba ikaendelea kutunishiana misuli na Morogoro Jazz, mji mmoja ukigawanyika mashabiki kama mpira. Kwa watu wa milimani, kitu kuendelea baada ya mwenyewe kufa halikuwa jambo geni. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na jina la heshima kwao lina warithi: kule Kinole, Kingalu, mwenye kuomba mvua, akifa huzikwa, na anayekalia nafasi yake huwa Kingalu. Naona Salum aliacha kitu cha namna hiyo. Cuba yake ilikuwa mahali, na mahali panaweza kupata mwenyeji mwingine.

Volkano ilikuwa mtu, na hapo ndipo msiba wake unaponishika.

Mbaraka alizaliwa mwaka 1944 Mzenga, Kisarawe, na alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Expo 70. Mashabiki walimjua kwa jina la Soloist National, na jina hilo lilihitaji kulishwa kila usiku. Wimbo wa dansi huanza taratibu, mwimbaji akieleza kisa chake. Ukiingia kwenye chemko, maneno hupungua, gita la ridhimu hushika njia yake na kuirudia bila kuchoka, na solo hupewa nafasi ya kusema yote. Mbaraka alikuwa mwimbaji na mpiga solo kwa pamoja. Yeye ndiye aliyeeleza kisa, na yeye ndiye aliyekichemsha. Ukimwondoa mtu wa namna hiyo, bendi haipungukiwi na mpigaji mmoja. Inapungukiwa na sababu ya kupanda jukwaani.

Nchi pia ilimtwika huzuni zake. Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa Siku ya Krismasi mwaka 1971, Morogoro Jazz ilimwimbia. Shida, wimbo wa miaka ya Volkano, bado unapigwa leo penye mtu ambaye mwezi haujaisha na mfuko umeisha. Kwa hiyo sauti yake ilikuwa mali ya wengi muda mrefu kabla hajafa, na nadhani hilo liliwapokonya kitu waliomjua akiwa nyumbani, amekaa bila gita, hana cha kumthibitishia mtu.

Januari 1979 alifariki Mombasa kwa ajali ya gari, akiwa na miaka 34. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, na Tanzania ilikuwa vitani na Idi Amin. Huko Nairobi, kampuni ya santuri ilikuja kutoa nyimbo zake kwa albamu zilizoitwa Ukumbusho, moja baada ya nyingine. Super Volcano yenyewe haikudumu.

Dansi la wakati ule lilijaa majina ya namna hii. Marijani Rajabu alikuwa Jabali la Muziki. Remmy Ongala alikuwa Daktari. Sioni uongo katika majina haya. Kijana asiye na mali wala cheo anahitaji vazi kubwa kumliko ili asimame mbele ya watu mia tano na kuwaambia waache uchovu wao mlangoni. Wasikilizaji nao wanalihitaji, kwa kuwa usiku ule mmoja ukubwa wake huwa wao.

Lakini vazi lina wakati wa kuvuliwa. Remmy aliishi hadi 2010. Katika miaka yake ya mwisho aliokoka, akaziacha nyimbo zilizompa jina, akaimba Injili. Wapo waliomsikitikia. Mimi nilimwona mtu aliyepewa muda wa kubadili mawazo. Marijani, aliyefariki 1995, hakupata uzee wa utajiri wala kumbi zilizofurika, lakini alipata miaka ya kuwa mtu aliyeshuka jukwaani na bado anaishi mtaani.

Kuhusu Mbaraka, wapenzi wa zilipendwa hunifariji kwa maneno yale yale: alikwenda akiwa juu, hakuwahi kuchuja. Sikubali faraja hiyo. Inamfanya mtu awe amekufa kwa faida ya sifa zake. Angefikisha miaka 50 mwaka 1994, kumbi za dansi zikiwa zinapungua, na 60 mwaka 2004, redio zikiwa zimejaa Bongo Fleva, muziki ambao huenda angeuchukia kwa mwaka mmoja kisha akaomba kushirikishwa. Angeweza kutoa albamu mbaya. Angeweza kuvunja Super Volcano kwa mkono wake mwenyewe, akarudi Kisarawe kulima, akamfundisha solo mtoto wa jirani na kumgombeza kwa kuharakisha. Huyo ndiye tuliyempoteza pale Mombasa, mzee asiye na cheo chochote cha kitaifa, na kwa ajili yake ningetoa albamu zote za Ukumbusho.