Katazo lipi linalinda, lipi linaziba njia? Safari ya Katesh hadi Mbulu na kijana mwenye maswali

Asubuhi ya Katesh huanza kwa kuutazama mlima. Hanang, wenye urefu wa mita 3,417, umesimama juu kabisa ya mji, na wingu likiufunika kileleni watu husema mvua iko njiani. Lakini tangu Desemba 3, 2023, wingu hilo halitazamwi kama zamani. Siku hiyo tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka mlimani, vikapita katikati ya mji na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha.

Stendi, ndani ya basi la Haydom, wamekaa mama na mwanawe wa miaka 20. Kijana anafanya biashara ya vitunguu saumu. Hununua kwa wakulima wa Mbulu, kisha hutafuta wateja kwa simu kupitia makundi ya WhatsApp. Mama ana kliniki ya presha Haydom. Wamepanga kushuka kwanza Basotu wamsalimie bibi, kisha waendelee na safari.

Hawazungumzi. Jana usiku kijana aliandika kwenye simu yake maneno ya uchungu kuhusu mambo yanavyokwenda nchini. Mama aliyaona kabla hayajasambaa.

“Futa, mwanangu. Futa sasa hivi.”

Alifuta. Lakini tangu hapo hajala, na kila akiulizwa jambo anajibu neno moja.

Malalamiko yake si makubwa kama mtu anavyoweza kudhani. Alipotimiza miaka 18 alisubiri kwanza namba ya NIDA ndipo asajili laini kwa alama za vidole. Muda wote huo wateja walimpigia kwa laini ya mama yake. Mei 2025 mtandao wa X, ambao alizoea kuutumia kufuatilia habari, ukaacha kufunguka nchini. Kisha ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ikazimwa nchi nzima na haikurudi hadi siku kadhaa baadaye. Wateja wake wa Arusha hawakumpata, wakanunua kwa mtu mwingine. Magunia yake yalibaki kwenye chumba cha kupanga, na deni la mkulima likabaki palepale.

“Sijavunja kitu cha mtu,” ndiyo kauli yake kila mara. “Nauza vitunguu tu.”

Mama naye ana sababu zake. Siku hiyohiyo ya uchaguzi kulitokea vurugu katika miji kadhaa, watu wakafa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Mama wa Katesh aliyekuwa akizisikia habari hizo kwa vipande vipande alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: mwanawe alale nyumbani akiwa mzima. Anaposema “futa”, hasemi kwamba kijana amekosea. Anasema anaogopa. Bahati mbaya, kijana husikia “nyamaza” peke yake.

Basi linapoondoka, dirishani zinapita alama za tope la 2023. Baadhi ya familia zilizopoteza makazi zilijengewa nyumba mpya Waret, na ujumbe kwa wanaoishi chini ya mlima ni kutojenga tena kwenye mikondo ya maji. Hilo nalo ni katazo. Linamzuia mtu kujenga mahali alipozoea, pengine kwenye kiwanja cha baba yake. Ila kijana huyu hana ugomvi nalo, kwa sababu maelezo yake yanaonekana kwa macho.

Safari inaendelea hadi Basotu, penye ziwa la maji baridi lenye samaki na viboko, na tambarare ambayo wakati wa msimu hugeuka rangi ya ngano hadi upeo wa macho. Bibi anaishi pembeni ya tambarare hiyo. Ni Mbarabaig, wa jamii ya Wadatoga. Chai ya maziwa inapomiminwa, anamtazama mjukuu wake mara moja tu na kujua kuna jambo.

“Mbona mjukuu wangu umenuna? Nani kakunyima chakula?”

Kijana anasimulia. Bibi hamkatizi. Akimaliza, bibi ananyoosha fimbo yake kuelekea kwenye mashamba na kuanza kusimulia yake.

Kabla ya mashamba hayo, Wabarabaig walihamisha mifugo kwa zamu kulingana na mvua. Kulikuwa na malisho ya masika na ya kiangazi, na sehemu zilizoachwa zipumzike. Uwanda wa Muhajega, wenye nyasi nzuri kuliko zote, ulikuwa katika mzunguko huo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea, Serikali, kwa msaada wa Canada, ilianzisha mradi mkubwa wa ngano chini ya Shirika la Taifa la Chakula na Kilimo, NAFCO. Nchi ilihitaji mkate, hilo halina ubishi. Mashamba saba, kila moja likiwa na takriban ekari 10,000, yalienea kwenye tambarare hizo za Hanang.

Kwa mfugaji, njia aliyopita tangu utoto iligeuka kosa. Aliyevuka na ng'ombe kwenda kwenye maji aliambiwa ameingia shamba la watu. Hata makaburi ya wazee wanaoheshimiwa, yale ya udongo uliorundikwa yaitwayo bung'eda, ambayo Wabarabaig huyarudia kwa ibada, mengine yalijikuta ndani ya mashamba na kupitiwa na matrekta. Ng'ombe aliyekosa nyasi za Muhajega alipungua maziwa, na kwa familia ya mfugaji maziwa ndicho chakula cha kwanza cha mtoto baada ya ziwa la mama.

“Mlifanya nini, bibi?” kijana anauliza. Ni swali lake la kwanza refu tangu jana.

“Tulikwenda mahakamani. Tulishinda, kisha tukashindwa.”

Kumbukumbu za mahakama zinamuunga mkono. Mwaka 1981 Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji wenzao walifungua kesi dhidi ya NAFCO. Mwaka 1984 Mahakama Kuu Arusha iliwapa haki, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Baadaye tangazo la Serikali likafuta haki za kimila kwenye ardhi hiyo. Lakini kelele hazikuisha. Habari za Hanang zilifika hadi Canada, ambako wananchi walianza kuhoji kodi yao inafanya nini, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 msaada ule ukafikia mwisho. Baadaye NAFCO yenyewe iliondoka. Sehemu ya mashamba ikarudi kwa vijiji na sehemu ikaenda kwa wawekezaji.

Kinachoshangaza ni kwamba mama, aliyezaliwa hapahapa, hakuwahi kuisikia hadithi hiyo yote. Alipokuwa mtoto, wakubwa wakianza kuizungumza, watoto walifukuzwa waende kucheza. Walimlinda kwa kumnyamazia. Naye jana usiku alifanya hivyohivyo.

Haydom inafikiwa mchana. Mji huu umekua kuizunguka hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955, na hadi leo wagonjwa wanafika hapo kutoka Mbulu, Hanang na mikoa jirani. Mama anakwenda kwenye foleni ya presha. Kijana anabaki nje kwenye benchi, kati ya kina mama wenye watoto wa kliniki.

Hapo ndipo upande wa pili wa habari hii ulipo. Manyara ni miongoni mwa mikoa yenye ukeketaji mwingi zaidi nchini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha asilimia 58 ya wanawake wa umri wa kuzaa mkoani humo walikuwa wamekeketwa. Ule wa 2022 ulionyesha asilimia 43. Tangu 1998 sheria inamhesabu anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa mhalifu, na kifungo chake huanzia miaka mitano. Wapo wazee wanaosema sheria hiyo ni Serikali kuingilia mila za watu. Lakini daktari anayepokea mama anayevuja damu wakati wa kujifungua, kwa kovu alilopewa utotoni, anajua inamlinda nani.

Kijana huyu huyu anayelalamikia makatazo ana mdogo wake wa kike wa miaka 13. Mwaka jana shangazi yao alipoanza kuzungumza kwa mafumbo kuhusu “kumtayarisha” binti huyo, ni yeye aliyesema waziwazi kwamba atakwenda polisi. Kwa hiyo si kweli kwamba vijana hawataki sheria. Wanataka kujua sheria ipo kwa ajili ya nani.

Kaskazini mwa Haydom ardhi inashuka kuelekea bonde la Yaeda, nyumbani kwa Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuokota matunda na kurina asali. Katikati ya miaka ya 1960 Serikali iliamua kuwakusanya Yaeda Chini ili wapate shule, zahanati na mashamba. Nia ilielezwa kuwa njema. Hata hivyo, watu waliozoea kuishi katika makundi madogo yanayohamahama walijikuta wamesongamana sehemu moja. Magonjwa ya kuambukiza yakaingia, watu wakafa, watoto wakiwa wengi miongoni mwao, na waliobaki wengi wakarudi porini. Mtu yeyote wa afya leo angeliona hilo mapema. Wahadzabe wenyewe pia wangelieleza, kama wangeulizwa.

Mwaka 2007 jaribio lingine likaja: kampuni ya uwindaji yenye uhusiano na familia ya kifalme ya Falme za Kiarabu ilipewa ruhusa ya kuwinda katika ardhi hiyohiyo. Safari hii Wahadzabe walisema, habari zikasambaa duniani, na kabla ya mwaka kwisha kampuni ikajiondoa. Mwaka 2011 wakapata hati za kimila za kumiliki zaidi ya hekta 20,000. Hawakushinda kwa kukaa kimya, na hawakushinda kwa mishale. Walijua wanachotaka, wakakisema kwa sauti, wakafuata karatasi hadi mwisho.

Barabara hii, basi, inampa mzazi maswali matatu ya kukaa nayo na mwanawe kila anapolalamikia katazo. Linamlinda nani? Walioguswa waliulizwa? Na asiyeridhika anakwenda wapi? Katazo la kujenga kwenye mkondo wa tope linajibu swali la kwanza vizuri. Sheria ya ukeketaji pia. Kuzima intaneti siku kadhaa kunamwacha muuza vitunguu bila jibu la swali lolote kati ya hayo, na kumwambia “nyamaza” hakumpi jibu hilo.

Swali la tatu lina majibu yaliyo karibu kuliko vijana wengi wanavyodhani. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa maoni na wa kupata habari, na Ibara ya 30 inamruhusu anayeona haki yake imevunjwa kufungua shauri Mahakama Kuu. Karibu zaidi na nyumbani kuna mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake, na unapaswa kuitwa kila baada ya miezi mitatu. Mzazi anaweza kwenda huko na kijana wake, wakakaa pamoja, naye akamwacha aulize.

Ipo pia sehemu ya afya. Kijana anayekatazwa na Serikali, kisha akanyamazishwa nyumbani, hasira yake haiishi. Inahamia mahali pengine. Mzazi ataiona kwenye sahani isiyoguswa, usingizi wa mchana kutwa, ulevi ulioanza ghafla, au kijana kuacha kazi aliyoipenda. Dalili hizo zikiendelea wiki mbili au zaidi, afikishwe kituo cha afya kama angefikishwa mwenye homa. Lakini kabla ya kufika huko, dawa ya kwanza ni mtu wa nyumbani anayemsikiliza bila kumkatiza, kama bibi wa Basotu alivyofanya na kikombe cha chai mkononi.

Na hofu ya mzazi isifichwe nyuma ya ukali. Ni tofauti kubwa kumwambia mtoto “unaropoka” na kumwambia “naogopa nisije nikakukosa”. La pili halimvunji. Linamfanya afikirie pamoja nawe aseme nini, wapi, na kwa maneno gani.

Jioni mama bado yuko Haydom, atalala kwa ndugu. Presha ilikuwa juu na daktari anataka kuipima tena asubuhi. Kijana amepitia Dongobesh na kufika Mbulu, ambako baridi imeshaanza kushuka na wakulima wanapima vitunguu saumu kwa taa za simu. Magunia manne yameshashonwa. Simu yake inaita.

“Umekula?” mama anauliza.

“Nimekula, mama. Ugali na maharage.”

Kimya kidogo.

“Yale maneno ya jana,” mama anasema. “Yaandike tena. Ila kabla hujayatuma, nisomee kwanza.”