NILIVYOKUNYWA MAJI YA KUNAWA HOTELINI, NIKAFUATA SAMAHANI BARIADI

Msomaji wangu, wiki hii nakupeleka mbali. Tunakwenda Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu, ule uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Najua utasema, "Ah, safu ya misosi ya kifahari na Bariadi wapi na wapi?" Tulia basi, kwanza nikupe mkasa.

Mwaka jana baba mkubwa alikuja Dar kutibiwa macho. Mzee huyu ndiye aliyenisomesha. Msimu wa pamba ukifunguliwa, fedha ya kwanza kuingia mkononi mwake ilikuwa karo yangu. Bei ikianguka, anauza ng'ombe, kelele hapigi. Sasa mimi, kijana wa mjini mwenye vijisenti vyangu, nikasema ngoja nimwonyeshe mzee kwamba fedha yake haikupotea bure. Nikampeleka kwenye hoteli moja kubwa (jina nalihifadhi), ya vitambaa vyeupe, mishumaa, na menyu ambayo ukiisoma bei unahisi homa.

Mzee alivaa koti lake la harusini. Alipokaa tu, akamwambia mhudumu kwa upole, "Mwanangu, naomba maji ya kunawa."

Meza ya jirani wakageuka. Aibu ikanipanda hadi utosini. Nikamnong'oneza kwa ukali, "Baba mkubwa, hapa siyo Bariadi! Huku watu hawanawi mezani!" Akanyamaza. Akaiweka mikono yake mapajani, ile mikono iliyopalilia pamba miaka yote, kama mtoto aliyekaripiwa.

Mara wakaja kamba wakubwa na magamba yao, na pembeni vibakuli viwili vya maji ya uvuguvugu, kila kimoja na kipande cha limau. Mtaalamu mimi nikajua ni supu. Nikakinyanyua cha kwangu, nikanywa. Nikasema kwa sauti, "Supu yao nzuri, ila imepungua chumvi." Mhudumu akauma mdomo, akaangalia dari.

Baba mkubwa akamaliza kamba wake, taratibu akachovya vidole kwenye kibakuli chake, akajifuta. Lahaula! Kumbe ndiyo maji ya kunawa, yale yale aliyoyaomba mwanzo! Hakucheka wala hakusema neno. Bili ilipokuja, ilikuwa bei ya mbuzi na mwanawe. Tulipofika nyumbani, mzee akaniuliza kama kuna uji.

Kwa faida yako wewe unayetaka kumpeleka mchumba mahali pa namna hiyo, yasikukute. Kitambaa unakitandika mapajani, hukichomeki shingoni. Uma kushoto, kisu kulia, na ukiona vimepangwa vingi unaanza na vya nje kabisa kwenda ndani, kila sahani na vyake. Mkate wako ni ule wa kushoto, glasi yako ni ile ya kulia. Ukimaliza, uma na kisu vilaze pamoja kwenye sahani, mhudumu ataelewa. Na kibakuli chenye limau, tafadhali, hakinywewi!

Hata huo mtindo wa kuleta sahani moja baada ya nyingine si wa tangu Adamu. Zamani kwenye karamu kubwa za Ulaya vyakula vingi viliwekwa mezani kwa pamoja, watu wakajipakulia. Ni karne ya 19 ndipo Ulaya ilipozoea mtindo wa Kirusi wa kuletewa kimoja kimoja. Kwa hiyo sisi tunaoweka sinia katikati wala hatujachelewa.

Basi, mzee akarudi kwao. Mimi kumpigia simu nikawa naogopa. Wiki ikawa mwezi, mwezi ikawa miezi. Kilichoniuma zaidi ni kuwaza kwamba ukoo mzima wa Bariadi unavunjika mbavu kwa habari ya "supu" yangu. Mwezi wa sita nikasema liwalo na liwe, nikapanda basi. Ni zaidi ya kilomita 1,000: Dodoma, Singida, Shinyanga, halafu unakata Mwigumbi kuelekea Maswa. Wakati huo pamba inauzwa. Njiani unaona marobota meupe kwenye malori, na nyuzi zimenasa kwenye miba kando ya barabara kama mtu kapita anamwaga mawingu.

Usidhani kwamba Simiyu haina ulaji wa kifahari. Upo. Kule wilaya ya Meatu, kusini mwa Serengeti, kuna Mwiba Lodge, ambako wageni wanaolipa kwa dola wanakula mbele ya pori, tembo akipita zake. Kwa mfuko wangu, mimi nilipita zangu pia.

Nilifika kwa baba mkubwa jioni. Mama mkubwa akanipokea mzigo, na salamu za Kisukuma zikaanza: ya kwangu, ya safari, ya niliowaacha. Ndipo kijana mmoja akaja na jagi na beseni. Akainama mbele ya mgeni kwanza, akanimiminia maji mikononi taratibu. Halafu kwa mzee, halafu wengine. Hapo moyo ukanipasuka. Huu si ndio utaratibu niliomkaripia mzee kwa ajili yake? Tena huku mtu ananawishwa. Kule tulitupiwa kibakuli kila mtu ahangaike peke yake.

Chakula chenyewe, acha tu! Ugali wa mtama, moto, wa kahawia. Sato wa Ziwa Victoria, maana wilaya ya Busega inagusa ziwa na samaki hawachukui muda kufika. Mlenda, maziwa ya mgando, na kuku wa kienyeji aliyechinjwa kwa heshima yangu. Pembeni matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani. Usichanganye na michembe, ambayo hukatwa na kuanikwa ikiwa mibichi, ndipo ipikwe. Matobolwa unatafuna na karanga, utamu wake unakuja polepole kama deni.

Nikatafuta maneno ya kuomba radhi, yakagoma. Mara mama mkubwa akaniuliza mbele ya wote, "Mwanangu, baba yako anasema ulimpeleka kwenye hoteli ya wakubwa. Kwamba ulimtunza kama mfalme. Walikula nini huko?"

Nikamtazama mzee. Anatazama sahani yake.

Kumbe hakuna aliyejua. Si habari ya supu, wala ya mimi kumkaripia. Ukoo mzima ulijua tu kwamba kijana wao ni muungwana.

"Baba mkubwa," nikasema, "nilikukosea siku ile. Naomba unisamehe." Wengine hawakuelewa. Yeye alielewa. Akachukua firigisi, ambayo kwa haki ni yake mwenye nyumba, akaigawa katikati, nusu akaiweka mbele yangu. "Kula, mwanangu. Ila hii chumvi imekolea."

Tukacheka sisi wawili tu, hadi machozi.

Kuna kitabu cha Wafaransa kinaitwa Michelin, kilianzishwa na kampuni ya matairi mwaka 1900. Kinagawa nyota kwa migahawa. Nyota tatu, ambazo ndizo za juu kabisa, maana yake ni mahali panapostahili safari ya makusudi. Wakaguzi wao hawajafika kwa baba mkubwa. Mimi nimefika, na nyota tatu nimezitoa.

Wewe mzee wako umempigia simu lini? Wikiendi njema!