Tuma na Fare ya Kurudi

Wasee, leo tuongee hii mambo ya fare. Kila wiki kuna mzaha mpya mtandaoni: jamaa ametuma soo tano kwa M-Pesa, msichana amekula fare na kuzima simu. Watu wanacheka, wanatag mabeste zao, maisha inaendelea.

Lakini huo mzaha unafundisha kitu. Kama msichana asiyekuja ni mwizi, basi anayekuja ni nani? Umeshamwekea bei. Akishuka matatu na kubisha kwako, kichwani mwako amekubali kila kitu. Yeye pengine amekuja kuona muvi, kula chipo na kukujua vizuri.

Utasikia maboyz wakiuliza, "Kwani alidhani anakuja kufanya nini?" Si umuulize! Tena muulize mapema, mkiwa bado mnachati, akiwa kwao, mahali anaweza kusema zii bila kuogopa. Na akisema ndio leo, bado ana haki ya kubadilisha nia akifika, hata kama mmeshaanza.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 hapa Kenya iko wazi: kukubali ni kuchagua mwenyewe, ukiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Sasa peleka hiyo sheria kwa keja yako. Ni saa nne usiku, matatu zimepungua, hana pesa ya kurudi, simu imebaki na chaji kidogo. Huo uhuru uko wapi? Akinyamaza hapo, usijiambie amekubali. Akiwa amelewa chakari, hana uwezo wa kukubali. Na kama hajafika miaka 18, kisheria ndio yake haihesabiki, hata kama mnapendana aje.

Kwa hivyo ombi langu kwa maboyz ni moja. Ukituma fare ya kuja, tuma na ya kurudi, kabla hajatoka kwao. Akibaki, utajua amebaki kwa sababu anataka.

Nanyi wasichana, bebeni fare yenu hata kama ametuma. Mwambie beste mmoja unaenda wapi na utarudi saa ngapi. Mambo yakiharibika, kosa ni la aliyelazimisha, hata kama ulikula chipo zake na hukumwambia mtu. Fare yako ni ya kukuwezesha kutoka wakati wowote unaotaka.

Na ikitokea umelazimishwa, msichana au mvulana, kwa sababu maboyz pia hulazimishwa na wengi hunyamaza, nenda hospitali haraka. Usioge wala kufua nguo ulizovaa. Dawa ya kuzuia virusi vya HIV, PEP, lazima ianzwe ndani ya saa 72, na ukianza mapema ndio bora. Ya kuzuia mimba pia haitaki kungojewa. Unaweza kupiga 1195 bure, au 116 kama uko chini ya miaka 18. Hata kama saa 72 zimepita, bado nenda. Kuna matibabu mengine na kuna mtu wa kuongea naye.

Turudi kwa yule jamaa aliyekuliwa fare. Bro, pole. Umepoteza soo tano, na hiyo ndiyo hasara yote. Yule anayelazimishwa kulipa soo tano kwa mwili wake anapoteza kitu ambacho huwezi kumrudishia kwa M-Pesa.