Ukuta na Pumzi

Mimi sikusomea ujenzi. Hata ushairi na tafsiri nilijifunza mwenyewe. Lakini msimu wa baridi uliopita mpwa wangu aishiye Edmonton, Kanada, alinipigia simu. "Shikamoo mjomba. Ukuta wa chumba cha mtoto umeota kuvu nyeusi, na mtoto haachi kukohoa." Akaniletea maelezo ya fundi, kwani istilahi zake zilimshinda yeye na mumewe.

Nilidhani adui wa nyumba ya baridi ni theluji iliyo nje. Kumbe adui mwengine yumo ndani: mvuke wa kupika, wa kuoga, na pumzi za wenye nyumba. Hewa ya nyuzijoto 20 yaweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke katika kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi sifuri, hubeba 5 tu. Ikijipenyeza katika nyufa na kukuta mbao za nje zilizoganda, kinachozidi hugeuka maji ndani ya ukuta, na mbao huoza pasi na mtu kuona.

Kwa hiyo ukuta hupangwa kwa tabaka. Ndani huwekwa jasi. Nyuma yake, upande wa joto, nailoni nzito iliyozibwa kila kiungo. Kisha pamba ya nyuzi za kioo. Halafu mbao, na utando uzuiao mvua lakini upitishao mvuke. Nyumba ya majaribio iliyojengwa Regina mwaka 1977 iliunganisha kuta nene zisizovuja hewa na mtambo uliotoa hewa chafu huku ukirudisha joto lake.

Neno lililonikwamisha lilikuwa moja tu: kukauka. Kila ukuta, aliandika fundi, hulowa siku moja. Basi uachiwe upande wa kukaukia. Hapo nikaikumbuka nyumba ya marehemu baba, ya mawe na chokaa. Niliipiga lipu ya saruji kwa kuona fahari. Unyevu ukakosa njia, chumvi ikachomoza, lipu ikabambuka vipande vipande. Mama alilala chumba kile miaka minne, naye hakulalamika hata siku moja.

Nikampigia mpwa wangu. "Mwanangu, msipake rangi juu ya kuvu. Mhamisheni mtoto leo, kisha ufungueni ukuta."

Mama sikuwahi kumhamisha.