Bibi wa Mtaa wa Phillips

Nilipohamia Minneapolis miaka ya 1990, jirani yangu alikuwa mama wa Kiojibwe mwenye asili ya White Earth, kaskazini mwa Minnesota. Watoto wote wa mtaa wa Phillips walimwita Bibi, nami nikafuata.

Alinihadithia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970, gari la serikali likisimama nje tu, akina mama walikuwa wakiwatorosha watoto kwa mlango wa nyuma. Walikuwa na sababu. Uchunguzi wa wakati ule ulionyesha kwamba kati ya asilimia 25 na 35 ya watoto wa Wenyeji wa Marekani walikuwa wameondolewa kwao, wengi wakilelewa na Wazungu. Bibi naye alilelewa hivyo, akarudi kwa ndugu zake akiwa mtu mzima.

Mwaka 1978 ikapitishwa sheria kwamba mtoto akiondolewa, wafikiriwe kwanza ndugu zake, kisha watu wa kabila lake. Lakini sheria haimshiki mama mkono kwenye korido ya mahakama. Bibi ndiye aliyeshika, bila malipo. Alimfuata mama aliyeitwa mahakamani, akampeleka kwa gari lake kuukuu, wakakaa benchi moja wakisubiri. Alijua ni shangazi gani mwenye chumba cha ziada na ni mjomba yupi ameacha pombe kweli. Wanawake waliokuwa wakijificha kila mmoja kivyake wakaanza kuingia mahakamani na ukoo mzima nyuma yao. Kwangu mimi, hayo ndiyo mabadiliko yenyewe.

Mwisho wa Agosti alikwenda ziwani kuvuna mpunga wa porini. Mmoja husukuma mtumbwi kwa upondo. Mwingine hukaa na vijiti viwili vya mwerezi, kimoja cha kuinamisha mabua, kingine cha kuyagonga taratibu. Punje nyingi huangukia mtumbwini, nyingine majini, zikawa mbegu. Tuliukaanga mpunga ule uani kwenye chungu cha chuma, tukiukoroga bila kupumzika mpaka moshi ukaingia nguoni. Kupepeta hakukunipa taabu, maana nimekulia Tanga na ungo naujua. Mfuko wa kwanza ulikwenda kwa mama yeyote aliyerudishiwa watoto mwaka huo.

Juni 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuifuta sheria ile ya 1978, majaji 7 dhidi ya 2. Bibi aliisikia habari hiyo akiwa hai, akaomba chai.

Alipofariki, moto uliwashwa siku nne kwa desturi yao. Miongoni mwa waliopokezana kuuchochea usiku walikuwamo watu wazima aliowahi kuwapigania wakiwa wachanga.

Hadi leo watoto wa Wenyeji katika Minnesota huondolewa nyumbani mara nyingi kuliko wa Wazungu. Binti wa Bibi ndiye anayekwenda mahakamani sasa, na anahitaji madereva. Ndugu zangu Waswahili mlioko Minneapolis, magari tunayo. Tujitokeze.