Wayahudi wa Nabugoye

Kwetu Kilangala, Wayahudi tuliwajua kwa visa vya maalimu chuoni: Nabii Musa, Firauni, bahari kupasuka njia. Kwamba wapo watu weusi kama sisi, wakulima wa migomba na kahawa, wanaojiita Wayahudi, nilikuja kulijua Uganda mwaka 1979, nikiwa askari wa JWTZ katika vita dhidi ya Idi Amin.

Mjini Mbale walituita wakombozi. Mzee mmoja Myahudi alituletea mkungu wa ndizi, akatuambia Kampala ilianguka Aprili 11, na jioni hiyohiyo ndipo ilipoingia Pasaka yao, ya kukumbuka Wana wa Israeli walivyotoka Misri. Alisema haya huku machozi yakimtoka. Amin alikuwa amepiga marufuku dini yao na kufunga masinagogi. Wengi wakasilimu, wengine wakaingia kanisani. Katika maelfu wakabaki kama 300, wakisali kwa kujificha.

Alinikaribisha kwake. Chini ya kitanda alivuta sanduku la bati, akatoa Biblia ya Kiganda. Nusu ya mbele ilikuwa imechakaa, kurasa zimelainika kama kitambaa. Agano Jipya lilikuwa halijaguswa, kurasa bado zimeshikana.

"Hivi ndivyo alivyotufundisha Kakungulu," akasema.

Semei Kakungulu alikuwa jemadari Mganda aliyewatekea Waingereza mashariki ya Uganda, kisha wakakosana. Mwaka 1919, baada ya kuisoma sana Torati, alijitahiri yeye na wanawe. Wenzake wakamwambia hayo ni mambo ya Kiyahudi. Akajibu kwamba basi yeye ni Myahudi. Alikufa 1928, na wafuasi wake, Abayudaya, wakaendelea bila yeye. Mimi niliyekulia kwenye nchi ya jando nilielewa mara moja uzito wa kisu kile kwa mtu mzima.

Niliporudi Mbale, mstaafu mwenye mvi, sikuona tena kitu cha kufichwa chini ya kitanda. Juu ya kilima cha Nabugoye limesimama sinagogi la matofali, Stern, lililofunguliwa 2016. Mwaka 2002 marabi kutoka nje walikuja wakawapokea mamia rasmi katika Uyahudi. Gershom Sizomu, aliyekuwa mtoto enzi za Amin, alisomea urabi Los Angeles, akahitimu 2008, na 2016 wananchi wa Bungokho Kaskazini, wengi wao si Wayahudi, wakamchagua mbunge. J.J. Keki, Myahudi mwenzake, alianzisha ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera, ambamo Waislamu, Wakristo na Wayahudi wanauza pamoja. Jambo hili la ushirika lilinigusa kuliko jengo lolote.

Ijumaa jioni waumini waliingia sinagogini wamevaa kofia za kufuma za rangi, wakaimba Zaburi kwa Kiganda milango ikiwa wazi, sauti zikishuka hadi barabarani. Nilimkumbuka yule mzee, ambaye alikwisha kufariki, nikatamani angesikia.

Baada ya sala, mjukuu wake aliniuliza, "Mzee, na kwenu Kilangala Wayahudi wapo?"

"Hakuna hata mmoja, mjukuu wangu. Lakini wewe njoo."

"Nitakula nini?"

Nikamwambia papa tutamwacha kando, maana nimesikia samaki wao sharti awe na magamba. Changu tutaagiza Mchinga, mhogo upo shambani, na Jumamosi hakuna atakayemshikisha jembe.